Pakiti Isiyotakiwa Kuisha

Kama uliwahi kupita Bulengera, pale Butembo, miaka ile ya vita, jua likizama, ukanusa kungumanga katikati ya moshi wa makaa na maharagi yanayochemka, basi ulipita mbele ya nyumba ya Mama Jokébed. Aliyekuwa akitwanga ni Kavuo, mke wa mwanawe. Harufu ile haikuwa ya kwetu. Ilikuja Butembo kwa ndege, ndani ya mzigo wa matriko, yale masweta ya sufu, na ilikusudiwa kukaa muda mfupi tu.

Mwenye kuileta alikuwa Delphin, mume wa Kavuo. Delphin aliuza matriko, na hapo alikuwa ameona mbali, maana mtu wa Butembo anaweza kubana mkono kwa kila kitu kingine, lakini baridi ya asubuhi ikimpata shingoni atanunua triko bila kupunguziwa bei. Aliyanunua mbali, hadi Bombay. Alikuwa mrefu, mwenye maneno mengi, asiyejua kufunga mlango nyuma yake, na Kavuo alimpenda mno. Nasema mno kwa sababu wanawake wenzake walimcheka sokoni kwa jinsi alivyotaja jina la mumewe hata akinunua chumvi.

Mwishoni mwa mwaka 1996 askari waliokuwa wakikimbia vita walipita mjini wakivunja maduka na nyumba. Delphin alikuwa safarini. Kavuo alijificha siku mbili chini ya magunia ya mama mkwe wake ya magome ya quinquina, mti wa dawa ya malaria. Mama Jokébed alikaa mlangoni na Biblia yake ya Kiprotestanti, akiwaambia wote waliochungulia kwamba ndani hamna kitu ila magome machungu, na kama wanataka waonje. Hakuna aliyeonja. Kavuo alitoka humo mzima, lakini tangu siku hiyo moyo ulimkimbia. Mlango ukibamizwa, moyo unakimbia. Sufuria ikianguka kwa jirani, moyo unakimbia, na yeye anabaki ameshika ukuta kama mtu aliyepanda kilima. Daktari alimpima akasema hana ugonjwa. Jibu hilo halikumsaidia kitu.

Mwaka uliofuata Delphin alikwenda tena Bombay. Mwanamke aliyemuuzia matriko huko alikuwa mkimbizi, mtu wa Tibet, nchi ya milima iliyo mbali kaskazini. Kila msimu wa baridi alishuka na ndugu zake kutandaza matriko kando ya barabara. Walipatana bei siku tatu, kwa Kiingereza cha kuokoteza na kwa vidole, na siku ya tatu, wakinywa chai, Delphin akamweleza habari ya mkewe. Alijipiga kifua haraka haraka ili aeleweke. Yule mama akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akapuliza hewa, akaonyesha kifuani. Delphin akaelewa kwamba kwao ugonjwa ule ni upepo ulioingia moyoni ukakosa pa kutokea.

Akampa pakiti ya karatasi nyekundu yenye maandishi ambayo Delphin hakuweza kuyasoma. Ndani mlikuwa na vidonge sitini vya rangi ya udongo, kila kimoja kama punje ya haragi. Dawa ya wazee wao, ya kutuliza moyo na kichwa. Na ili asidhani anauziwa vumbi, akamshika mkono hadi duka la viungo la jirani, akamnusisha kungumanga, akamnusisha karafuu, akamnusisha kipande cha udi. Vingine vilivyomo alivitaja kwa lugha yake, vingi, na Delphin hakushika hata kimoja. Matumizi yalikuwa rahisi. Ponda kimoja, tia maji ya moto, unywe jua likizama. Kisha yule mama alifanya jambo ambalo Delphin alilisimulia mara nyingi. Alivuta kiti cha pili, akakisogeza karibu na chake, akakipigapiga kwa kiganja.

"Pengine anasema ukunywe wakati unaikala," Delphin alimwambia mkewe.

Kwa hiyo Kavuo alikunywa ameketi, kila jioni, na Delphin aliketi karibu naye, kwa sababu alikuwa mfanyabiashara na alitaka kuona kama mali ya Bombay inafanya kazi. Ilifanya kazi. Baada ya wiki mbili Kavuo alilala usiku mzima, na baada ya mwezi mmoja sufuria ya jirani ilianguka, naye akaendelea kuchambua mchele. Akaanza kunywa mara mojamoja tu, siku moyo ulipomsumbua.

Mwezi wa saba mwaka 1998 Delphin alipanda ndege pale Rughenda na magunia ya maharagi, kwenda Kinshasa. Wiki tatu, alisema. Walipofika uwanjani Kavuo alisikia moyo umeanza tena, akamshika koti. Katika pakiti vilikuwa vimebaki vidonge ishirini na sita.

"Hapana kuogopa," Delphin akamwambia. "Mbele ile pakiti iishe, niko hapa."

Alipanda, na kama kawaida yake hakugeuka kuangalia kama mlango umefungwa nyuma yake. Siku chache baadaye, tarehe mbili ya mwezi wa nane, vita vya pili vilianza na nchi ikakatika vipande viwili. Kinshasa ikabaki upande wa serikali, Butembo upande wa waasi. Ndege hazikupita. Simu hazikuwepo. Na barabara ya kutoka kwetu hadi Kinshasa, tuseme ukweli, haikuwepo hata kabla ya vita.

Mwanzoni Kavuo alikunywa kila jioni, maana moyo ulikuwa unakimbia kila jioni. Vilipobaki kumi, mkono wake ulisimama juu ya kinu. Delphin alikuwa amesema atarudi kabla pakiti haijaisha. Basi kama pakiti haijaisha, neno la Delphin bado halijavunjika. Akaanza kunywa Jumapili tu. Kisha sikukuu tu. Krismasi ya mwaka 1999 vilibaki vinne, akaikunja ile karatasi nyekundu, akaitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, akaliweka juu ya ukuta, pale paa linapokutana na matofali. Hakunywa tena. Akitaka sana alipanda juu ya kiti, akafungua kopo, akanusa, akalifunga. Udi ule ulinuka sanduku la safari la Delphin, ulinuka siku anaporudi na kumwaga kila kitu kitandani. Mtu akiniambia huo ni upumbavu sitabishana naye. Ila na yeye anionyeshe alishikilia nini miaka ile.

Walibaki wawili nyumbani, mama mkwe na mke wa mwana, bila mtoto kati yao. Hilo liliuma kwa namna yake. Mke aliyezaa ana nafasi yake hata mume akikawia, lakini Kavuo hakuwa na kitu kinachomfunga kwenye nyumba ile isipokuwa mtu aliyekuwa ng'ambo ya vita. Mashangazi wa Delphin walilisema hilo, wakila sombe aliyoipika yeye. Mama Jokébed hakulisema. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache, na vidole vyake vilikuwa vya manjano tangu alipokuwa msichana, kwa kukwangua magome ya quinquina, kuyaanika na kuyafunga katika magunia ya wanunuzi. Vumbi la quinquina lilikuwa juu ya meza, juu ya mashuka, juu ya kila kitu katika nyumba ile.

Mwaka 2000, Jumapili moja, risasi zilipigwa karibu na kanisa wakati wa wimbo wa mwisho. Mama Jokébed alirudi nyumbani akiwa ameshika kifua, akaketi kwenye kizingiti, na Kavuo akaona shingoni mwake mshipa unaruka kwa namna aliyoifahamu vizuri sana.

"Kavuo," mama akasema, "ile dawa ya Delphin ingali iko?"

Moyo wa Kavuo ulipiga mara moja, kwa nguvu. "Iko, Mama. Nitakutwangia kesho kesho hivi."

Hapa sitamtetea. Mama wa mtu yule yule aliyeileta dawa alikuwa anatetemeka mbele yake, na yeye alihesabu vinne kichwani akaona havitoshi kwa mtu mwingine. Alijua ni uchoyo. Alijua pia kwamba akivitoa vile vinne, jioni ya tano pakiti itakuwa imeisha na Delphin hayupo, na jambo hilo hakuwa na nguvu ya kuliangalia.

Kesho yake alfajiri alipanda lori kwenda Beni. Butembo nzima haikuwa na kungumanga wiki ile. Mizigo yote iliyotoka mpakani ilikuwa imekwama huko. Safari ya saa mbili ilichukua siku nzima, kwa sababu ya vizuizi, na kila kizuizi kilikuwa na askari wake na njaa yake. Beni alipata kungumanga na karafuu. Udi aliuulizia kila duka, akaukosa. Siku ya kurudi, kwenye kizuizi cha mwisho, askari mmoja kijana aliifungua karatasi yake akauliza ni nini.

"Dawa ya moyo," Kavuo akasema.

"Ya motema?" Yule askari akanyoosha kiganja. "Pesa ngai," akasema kwa Kilingala, yaani nipe na mimi. Akachukua kungumanga mbili, akazitia mfukoni, akainua mti uliofunga barabara.

Alipofika nyumbani alitwanga. Kungumanga, karafuu, unga wa ndizi, asali ya kushikanisha. Akaonja, akaona ni tamu mno. Dawa ya Bombay ilikuwa na uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Akaangalia huku na huku, na kitu kichungu kilichokuwa karibu, kile ambacho katika nyumba ile mtu hakukiona tena kwa jinsi kilivyozoeleka, kilikuwa vumbi la quinquina. Akatia kidogo. Akaona bado, akaongeza. Akaviringisha vidonge kama punje za haragi, akavianika juu ya ungo, na vilipokauka hata yeye angedanganyika kwa kuviangalia.

Kwetu anayempa mtu kikombe huonja kwanza, kiwe cha kasikisi, pombe yetu ya ndizi, au cha dawa, ili mnywaji ajue hakuna ubaya ndani. Jioni ile Kavuo alileta viti viwili mlangoni kwa jikoni, akaonja, akampa mama. Mama Jokébed akanywa funda moja, akasita. Akaangalia ndani ya kikombe. Akamwangalia Kavuo usoni, muda mrefu kidogo.

"Iko chungu," akasema.

"Njo vile iko, Mama."

"Wasingya," mama akashukuru kwa Kinande, akanywa hadi mwisho.

Akalala vizuri. Jioni iliyofuata alivuta kiti mwenyewe. Na hivyo ndivyo walivyoishi, karibu miaka mitatu. Jua linaposhuka Kavuo anatwanga, anaonja, anampa mama, na anakaa hadi kikombe kiishe, maana huwezi kumwachia mkubwa kikombe mkononi ukaondoka. Vikikaribia kuisha anatengeneza vingine. Mama Jokébed, yule wa maneno machache, alianza kusema. Alisimulia jinsi Delphin alivyouza mayai ya kuku wake mwenyewe akiwa na miaka saba, na jinsi alivyolia alipogundua kwamba ameuza na lile lililokuwa na kifaranga. Kavuo alisimulia jinsi alivyomwona Delphin mara ya kwanza, kijijini kwao Vuhovi, amevaa triko mbili juani ili watu waulize bei. Walicheka. Kisha kila mmoja akashikwa na hamu ya mtu yule yule. Kavuo alitamani kikohozi chake, mlango wake ulioachwa wazi, mguu wake wa baridi kitandani. Kuna jioni alizomtamani mpaka meno yakamuuma.

Mara moja tu lilikuja neno. Lilipita mikononi mwa watu wa Croix-Rouge, Msalaba Mwekundu, kwenye ile fomu yao ya habari za familia, iliyovuka mstari wa vita baada ya miezi minane. "Niko muzima. Niko nawaza nyinyi. Pakiti haijaisha?" Kavuo aliisoma hadi karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Akajibu kwa herufi kubwa, ili hata mtu akiisoma gizani aelewe: HAIJAISHA. Akaipeleka mwenyewe. Akarudi akitembea kwa wepesi, akimsalimia hata asiyemjua. Mama Jokébed alipoambiwa jibu lile aliitikia kwa kichwa polepole na kusema ni vizuri.

Jibu la jibu halikuja. Mwaka 2003 wakubwa wakapatana, wakagawana viti, na watu wakaanza kusema kwamba ndege za kutoka Kinshasa zitatua tena. Siku ya ndege ya kwanza Kavuo alivaa kitenge alichokiweka tangu 1998. Walitembea wote wawili hadi Rughenda, mama akijishikilia begani mwake, wakasimama na watu wengine ambao pia walikuwa wamevaa vizuri kupita kiasi.

Walishuka watu kumi na mmoja. Wa tisa alikuwa Edmond, mwenzake Delphin wa biashara, amenenepa. Kavuo alimwangalia Edmond, kisha akaangalia nyuma ya Edmond, na aliendelea kuangalia hata baada ya rubani mwenyewe kushuka.

Edmond alikuwa na barua ya Delphin na kitambaa cha nguo kilichofungwa kwa karatasi. Hakutaka kukaa nao. "Mama, mutanisamehe, mimi nilitumwa tu," akasema, na akaondoka haraka kuliko ilivyohitajika.

Kavuo aliisoma barua pale pale, kwa sauti, kwa sababu mama hakuona vizuri. Delphin aliandika kwamba Kinshasa ni mbali. Kwamba miaka ni mingi, na mwanaume hawezi kukaa peke yake. Kwamba kuna mwanamke, jina lake Solange, na batoto babili. Kwamba hatarudi Butembo kukaa. Kwamba mama asikasirike na Kavuo yuko huru. Kavuo alifika mwisho, akageuza karatasi, akatazama nyuma. Alikuwa anatafuta neno moja. Habari ya pakiti haikuandikwa mahali popote.

Walirudi kwa miguu. Njia nzima moyo wa Kavuo ulikimbia kama zamani, kama chini ya magunia, na hakujali. Nyumbani alitandaza kanga sakafuni akaanza kufunga vitu vyake. Vilikuwa vichache. Yuko huru, barua ilisema, na mwanamke aliye huru bila mtoto hurudi kwao. Alikifunga kifurushi akakiweka karibu na mlango, na jua likaanza kushuka, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu hakutwanga.

Mama Jokébed alikuwa amevuta viti viwili.

"Leta lile kopo," akasema.

"Kopo gani, Mama?"

"La juu ya ukuta. Bile bya kweli."

Kavuo alibaki amesimama. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. "Mama, ulijua?"

"Miaka makumi ine nakwangula quinquina, Kavuo. Ulifikiri ulimi yangu ilishakufa?"

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza."

"Sasa juu ya nini ulikuwa unakunywa?"

Mama Jokébed alikitazama kifurushi kilichokuwa karibu na mlango, kisha akatazama mikono yake ya manjano. "Na mimi sikupenda iishe," akasema.

Kavuo akapanda juu ya kiti, akalishusha kopo. Karatasi nyekundu ilikuwa imefifia, lakini vidonge vilikuwa vinne, kama alivyoviacha. Akatia kimoja ndani ya kinu.

"Twanga byote ine," mama akasema.

"Byote, Mama?"

"Byote."

Akatwanga. Udi ukapanda, na nyumba nzima ikanuka sanduku la Delphin lililofunguliwa kitandani, na hapo Kavuo alilia, kwa sauti, bila kujifunika uso, huku mkono wake ukiendelea kutwanga. Akatia maji ya moto. Akaonja kwanza, kama ilivyo desturi, akampa mama. Mama akanywa nusu, akamrudishia. Wakabadilishana kikombe hivyo hadi kikaisha. Mama Jokébed naye alikuwa analia, bila sauti, kwa ajili ya mtoto aliyewahi kumlilia kifaranga. Kisha akaichukua ile karatasi nyekundu, akaikunja, akaitumia kuwashia makaa, maana ilikuwa saa ya kupika.

Pakiti ilikuwa imeisha na Delphin hakuwa amerudi. Kavuo alilisema hilo moyoni mwake, maneno yale yote, kwa utaratibu, na akashangaa kuona bado ameketi.

Mama alikuwa anapepea moto. "Kesho utatwanga bile byako," akasema bila kugeuka. "Lakini upunguze quinquina."

Kavuo akajifuta uso kwa kanga. Akainuka, akaingia ndani, akakifungua kifurushi chake.